Maji Juu ya Kitenge

Zubeda hakuwa na ugonjwa ila mmoja: hakujua kusema sijui. Ukimwuliza njia, atakuelekeza hata kama mtaa huo hajawahi kuusikia. Ukimwuliza dawa ya jino, atakutajia tatu, na ya nne atakuambia umpigie simu jioni. Ndiyo maana siku Concilie alipompigia kumwambia kwamba hatimaye anafungua duka lake la dobi kule Gasenyi, na kwamba anataka jina la duka liandikwe kwa maji, Zubeda hakuuliza hata swali moja.

"Iyo ni kitu kidogo, Mama Destin," alisema. "We lala tu."

"Maji kabisa, Mama Amira. Si rangi ya maji. Mutu akipita na vumbi yake, aone ile jina, asikie anataka kuoga."

"Nimesema ni kitu kidogo."

Akakata simu, akaigeukia kompyuta yake. Maji hakuwahi kuyaandika. Alijua kuandika kwa dhahabu, maana kila arusi ya Bujumbura inataka dhahabu. Alijua kumtoa bwana arusi kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi yake na kumpandisha mawinguni akiwa na suti yake. Alijua kupunguza vitambi na kuongeza waridi. Lakini herufi za maji alikuwa ameziona mara chache tu, kwenye matangazo ya vinywaji, na kila alipoziona alipita akisema moyoni kwamba siku moja atajifunza. Siku yenyewe ndiyo hiyo, na ufunguzi ulikuwa Jumamosi.

Kazi yake ilikuwa Rohero, katikati ya mji, kwa Marcellin, katika yale maduka membamba ya sekretariati ambamo mtu huingia kupigiwa barua ya kuomba kazi, kutoa kopi ya kitambulisho, kupigwa picha ya pasipoti na kuchapishiwa bango. Alifika hapo akiwa mtu mzima, mama wa Amira na wadogo zake, na siku ya kwanza alikishika kipanya cha kompyuta kama mtu anayeshika pasi, akakisukuma mpaka kikaanguka upande wa pili wa meza. Marcellin, ambaye ni mpole kupita kiasi, aliinama akakiokota bila kusema neno. Miaka ikapita, na sasa mabango yote makubwa ya duka lile yalipita mikononi mwa Zubeda. Mwenyewe alijisikia. Mtu akimsifu alisema ni Mungu tu, lakini shingo ilinyooka.

Kabla ya hapo alikuwa muuza vitenge katika soko kuu, hapohapo Rohero, lile lililoungua mwaka 2013. Meza yake na ya Concilie zilipakana, zikitenganishwa na kamba tu, na kamba yenyewe ilikuwa ya kuanikia vitambaa vyao wote wawili. Mmoja Mwislamu wa mjini, babu na bibi wote wamezaliwa hapahapa, mwingine Mkatoliki aliyevuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, akiwa na mtoto mgongoni. Walikuwa na desturi yao. Wafanyabiashara wa mji ule wanajua kwamba mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku. Akiwa na mkono mzuri, biashara inatiririka, akiwa na mkono mbaya, mtapiga miayo mpaka jioni. Wao hawakutaka kubahatisha. Kila asubuhi, kabla ya mteja yeyote, Zubeda alinunua kwa Concilie kifungo kimoja cheusi cha shati, na Concilie akakinunua tena kifungo kilekile kwa pesa ileile. Wakicheka, wakikunja vitambaa, siku imefunguliwa. Majirani waliwaona wehu, lakini majirani hao hao walikuja kukopa chenji kwao saa nne, kwa sababu ndiko ilikokuwa.

Halafu ikaja ile Jumapili ya moto. Jumamosi yake walikuwa wamepokea robota jipya, kitenge cha rangi ya haradali chenye majani ya muhogo ya kijani, na wenyewe walikibatiza jina la Sombe, yaani kisamvu. Kila mmoja alijikatia kipande, washone sare. Cha Concilie kilibaki sokoni, juu ya robota, akingoja kukipeleka kwa fundi. Cha Zubeda, kwa kuwa hana subira, kilikuwa kiunoni mwake asubuhi ile alipokimbia kutoka nyumbani na kukuta soko lote ni moshi. Hakuna kilichookolewa. Walisimama barabarani wakishikana mikono mpaka polisi wakawaondoa, na katika zile kelele Concilie hakuona rafiki yake amevaa nini.

Tangu siku hiyo Zubeda hakukivaa tena. Alikikunja, akakitia chini ya sanduku. Utamwonyeshaje mwenzako ulichobaki nacho, naye hakubaki na chochote? Concilie alikwenda kufua nguo katika nyumba za watu, kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, mpaka vidole vikawa vyeupe nchani. Rohero hakukanyaga tena. Akiwa na shida ya ofisi alimtuma Destin, mtoto wake, au aliiacha shida ikae. Soko hakulitaja, na mtu mwingine akilitaja, aliondoka kwenda kutafuta chumvi jikoni. Kitu kimoja tu aliwahi kusema, mara moja, akikamua shuka: "Ile siku hatukufunguliana." Zubeda akashika ncha ya pili ya shuka, wakakamua pamoja.

Sasa mwanamke huyu amepata mashine ya kufulia, amepata chumba chenye baraza, anaanza upya. Jina la duka ni Isuku, yaani usafi kwa Kirundi. Herufi tano. Zubeda alijiambia kwamba kama atashindwa kumwandikia rafiki yake herufi tano, basi heri arudi kukishika kipanya kama pasi.

Jaribio la kwanza alilifanya kama Marcellin alivyomshauri. "Maman Zubeda, maji ni bluu," alisema Marcellin. Zubeda akazipaka herufi bluu, akazing'arisha juu, akaweka kivuli chini, akaituma picha kwa simu. Concilie hupenda kujibu kwa sauti, kwa kuwa kuandika kunamchosha vidole. Sauti ikaja, tulivu.

"Mama Amira, asante sana. Lakini iyi si maji. Iyi ni wino ya Bic."

Marcellin aligeukia ukutani ili asionekane anacheka.

Jaribio la pili Zubeda alitafuta kwenye mtandao picha ya maji yenyewe, mawimbi makubwa yenye povu, akayajaza ndani ya herufi. Alifurahi nalo mno. Alimwita hata mlinzi wa duka la jirani aje aone. Sauti ikaja.

"Iyi ni maji, ndiyo. Lakini ni ile ya ziwa yenye iliingia mu manyumba za batu kule Kibenga. Mutu ataleta shati yake hapa, ataogopa haitarudi."

Zubeda alitaka kubisha, kisha akaitazama picha vizuri, akaona kweli. Mji mzima ulikuwa umeona ziwa likipanda mpaka vyumbani, na vitanda vikielea. Aliifuta mwenyewe.

Jaribio la tatu aliacha mawimbi, akazifanya herufi zidondoke, kila moja na matone yake yanayoteremka. Safari hii sauti ilichelewa kidogo.

"Inalia," alisema Concilie. "Mama Amira, mi nimelia ya kutosha."

Hapo Zubeda hakucheka, wala Marcellin. Zubeda alikaa akiikuna shingo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake neno sijui lilimfika mpaka kwenye meno. Lingetoka kama umeme haungekatika. Ulikatika Jumatano mchana, mtaa mzima, na Marcellin akafunga duka, akamwambia Zubeda aende nyumbani.

Nyumbani kwake ni Ngagara, nyumba ya zamani ya serikali yenye kuta nene, na sebuleni kuna meza iliyofunikwa nailoni yenye maua mekundu. Mumewe Djibril, fundi wa magari, alikuwa amerudi kunywa maji, na kama kawaida yake alikuwa amemimina nusu kwenye gilasi na nusu mezani. Zubeda alichukua kitambaa afute, akiwa amekasirika tayari. Mkono ukasimama.

Matone yalikuwa yametulia juu ya nailoni, na hayakuwa na rangi yoyote. Hakuna bluu. Tone lililolala juu ya ua lilikuwa jekundu, lililolala juu ya jani lilikuwa kijani, na lile ua chini ya tone lilikuwa limevimba kidogo, kubwa kuliko wenzake. Zubeda akainama. Dirisha lilikuwa kushoto, na yeye siku zote alipong'arisha herufi aliweka mwanga upande wa taa na kiza upande wa pili, kama ilivyo kwa kila kitu cha dunia hii. Tone lilikuwa limegeuza mambo. Upande uliotazama dirisha ulikuwa na kiza, na nuru ilikuwa imepita ndani ikakusanyika upande wa pili, ikimulika hata kivuli chake. Katika kile kiza cha upande wa dirisha palikuwa na kidoa kimoja tu cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Na tone halikuwa na kona popote.

"Umepoteza pete?" Djibril aliuliza.

"Nasoma maji."

"Haya. Ukimaliza kusoma, nipe iyo kitambaa, mi nimelowa."

Zubeda alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepata. Maji hayana sura yake mwenyewe. Sura yake ni ya kitu kilicho chini yake. Siku tatu alikuwa akihangaika kupaka rangi kitu kisichokuwa na rangi, juu ya bango jeupe ambako maji hata kama yapo hayaonekani. Swali halikuwa maji yafananeje. Swali lilikuwa yalale juu ya nini.

Na jibu alilijua kabla hajamaliza kujiuliza, ndiyo maana kicheko kikaisha. Duka la dobi: maji juu ya nguo. Alikwenda chumbani, akaliinua sanduku, akakitoa kile kitenge cha haradali. Majani ya muhogo yalikuwa bado na ukijani wao. Alikitandaza kitandani akakiangalia kwa muda. Moyo ulimwambia ni hiki, na moyo huohuo ukamwambia utamwua mwenzako siku ya furaha yake. Akakikunja tena. Akakikunjua. Akachukua simu, akakipiga picha kwenye mwanga wa mlango, akisema atajaribu tu, kujaribu si kosa.

Alhamisi umeme ulirudi, akajaribu vingine kwanza, kwa haki. Aliweka herufi juu ya shuka jeupe, zikapotea. Juu ya taulo, zikawa kama sabuni. Juu ya kitenge cha mtandaoni chenye ndege, Marcellin akasema ni kizuri, na kweli kilikuwa kizuri, lakini hakikumwambia kitu. Ndipo akaiweka Sombe. Alichagua herufi nene zenye pembe za mviringo, akatoa rangi yote ndani yake, akabakiza kiza chembamba upande wa mwanga na nuru upande wa pili. Akakata umbo la herufi katika kitambaa, akalipanua kidogo ili majani yaliyo chini yavimbe. Akadondosha kile kidoa cheupe juu ya kila herufi. Kisha akatawanya matone mawili matatu pembeni, yaliyotulia, yasiyoteremka. Maji halisi yangezama kwenye pamba yakaacha baka, lakini ya kompyuta hukaa pale unapoyaweka.

Marcellin alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa amekuja kuuliza kama wino upo.

"Maman Zubeda, nasikia kiu," alisema.

Zubeda alifurahi sana, akatamani kulia. Lakini hakuituma picha ile. Mara tatu aliishika simu, mara tatu akaiweka. Mwisho aliandika tu kwamba bango limekamilika. Concilie akajibu: "Usinitumie. Utaileta, nitaiona na macho yangu." Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kujua. Ijumaa umeme ulikatika tena ukachelewa kurudi, bango likachapishwa jioni, na Zubeda akarudi nalo Ngagara likiwa limeviringishwa.

Jumamosi asubuhi petroli hakuna. Magari yamepanga foleni kwenye vituo, watu wamepanga foleni ya kungoja magari yaliyopanga foleni. Zubeda aliona atachelewa, akajikaza kisabuni, akatwika bango begani na kushika njia ya Gasenyi kwa miguu. Katika mfuko alikuwa ametia kile kitenge. Alikuwa ameamua usiku: kama Concilie ataumia, aumie kwa ukweli wote, si kwa picha. Njia nzima alipanga maneno ya kusema, na kila alipoyapanga yalikuwa marefu mno.

Alipofika jua lilikuwa limepanda. Barazani palikuwa na watu watano au sita, wamekaa na mafurushi yao ya nguo, na mwanamume mmoja amesimama na suti mkononi, uso umekunjamana kuliko suti yenyewe. Mlango uko wazi. Mashine nyeupe inaonekana ndani, tupu, imenyamaza. Concilie amesimama mlangoni, amefunga kitambaa kipya kichwani, mikono kifuani.

"Mama, mi nimefika hapa asubuhi sana," mwenye suti alikuwa akisema. "Mashine ni nzima, umeme uko, sabuni naiona. Unangoja nini?"

"Nangoja mutu," Concilie alimjibu kwa adabu zote. Kisha akamwona Zubeda, na mikono ikashuka. "Ni ule anakuja."

Zubeda alisimama. Jasho lilikuwa likimtiririka, na yale maneno marefu yote yakampotea. Hakuwa amewaza, hata kidogo, kwamba kuna mtu angewangojesha wateja kwa ajili yake. Tangu lile soko kuungua Concilie hakuwa na meza yake, alifua vya watu katika nyumba za watu, hapakuwa na kitu cha kufunguliwa. Leo kipo.

"Fungua tuone," alisema Concilie.

Wakalikunjua bango barazani, wenye mafurushi wakisogeza miguu. Majani ya muhogo yakatandaa juu ya haradali, na juu yake Isuku, herufi tano za maji yaliyotulia. Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake nyuma asilowe. Concilie akachuchumaa. Akanyoosha kidole chake kile cheupe nchani, akagusa herufi ya kwanza, akakitazama kidole. Kikavu. Akatabasamu kidogo. Kisha macho yakashuka chini ya maji, kwenye kitambaa, na tabasamu likaondoka.

Zubeda alibaki ameshika ncha ya bango.

"Sombe," alisema Concilie.

"Ndiyo."

"Mi nilizani iliungua yote."

"Mi nilikuwa nimeivaa, Mama Destin. Ile asubuhi. We hukuona. Kisha nikashindwa kukuambia."

"Miaka yote iyi?"

"Miaka yote iyi."

Concilie alibaki amechuchumaa. Mwenye suti akaishusha suti yake, akangoja. Zubeda alitia mkono kwenye mfuko, akakitoa kitenge, akampa. Concilie alikipokea kwa mikono miwili. Akakipapasa upindo, akatafuta kona pale walipokuwa wakitia alama yao kwa uzi mweupe, akaipata. Akakiinua mpaka puani, akakinusa kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka bila sauti, na Zubeda naye yakamtoka, maana hakuna dawa ya hayo.

"Inanuka sanduku," alisema Concilie mwishowe, akifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mutu anaweka kitambaa nzuri hivi mu sanduku miaka yote, haoni haya?" Akasimama. "Lipa."

"Nilipe nini?"

"Kufuliwa. Kufungua hakufanywi bure, umesahau?"

Zubeda alitafuta, akapata noti moja iliyochoka, imekatika kona. Concilie akaipokea, akaigusisha kwenye paji la uso, akaitia kifuani. Akaingia ndani na Sombe, peke yake bila nguo nyingine, akaitia kwenye mashine na kubonyeza. Wote waliokuwa barazani walisogea kutazama kwenye kile kidirisha cha duara. Majani yalizunguka ndani ya maji, yakapotea katika povu, yakarudi.

"Sasa wewe wa suti," alisema Concilie. "Karibu sana."

Alifanya kazi mpaka jioni bila kukaa. Zubeda alibaki akimpangia mafurushi, akimwelekeza kila mtu jinsi ya kuondoa madoa ambayo yeye mwenyewe hajui kuyaondoa, na bango likining'inia juu ya vichwa vyao.

Jumatatu Zubeda aliwahi kazini. Marcellin alikuwa bado anafagia mlango, mashine ya kopi haijapata moto. Zubeda alikuwa ameinama akichomeka waya aliposikia kiatu kizingitini. Alipoinua kichwa, Concilie alikuwa amesimama pale, amevaa Sombe, imefuliwa na kupigwa pasi, akihema kidogo. Kufika duka la Marcellin hakuna njia nyingine isipokuwa kupita mbele ya kiwanja cha soko.

"Umepitia pale?" Zubeda aliuliza taratibu.

"Nimepita." Concilie aliketi kwenye kiti cha wateja, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani. Juu yake akaweka ile noti iliyokatika kona. "Nitolee kopi moja. Haraka, mbele ya mutu mwingine kuingia."

Marcellin aliuliza kopi yenyewe ni ya ofisi gani, apate kujua kama inahitaji muhuri. Hakuna aliyemjibu. Zubeda alikuwa ameishika ile noti, na wale wanawake wawili walikuwa wakicheka kama wehu.